Maswali ya Wasomaji: Uingereza ilitoka na mkataba au mikono mitupu?

SWALI: Kamwene Mzee. Hapa Mafinga, kwenye kilabu chetu cha ulanzi, ubishi hauishi. Mwenzangu anayepakia mbao anashikilia kwamba Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya bila makubaliano yoyote, eti ndiyo maana waligombana hadharani miaka yote ile. Mimi nasema makubaliano yalikuwepo. Atakayeshindwa ananunua ulanzi wa meza nzima. Tuamulie, na utueleze walikuwa wanagombea nini hasa.
Mpasua mbao, Mafinga

JIBU: Kamwene. Mwambie mwenzako atoe hela. Uingereza ilitoka usiku wa Januari 31, 2020 ikiwa na mkataba wa kujitoa, na mkataba wa pili, ule wa biashara, ukapatikana Desemba 24 mwaka huohuo, wiki moja kabla ya kipindi cha mpito, yaani muda ambao sheria za zamani ziliendelea kutumika, kuisha. Ila usimcheke sana. Habari ya kutoka bila mkataba haikuwa porojo, na nusura iwe kweli zaidi ya mara moja.

Chanzo ni karatasi ya kura ya Juni 23, 2016. Iliuliza kubaki au kutoka, basi. Asilimia 51.9 wakasema tutoke. Tutokeje, hakuna aliyeulizwa, na kila aliyechagua kutoka akawa na kutoka kwake kichwani. Machi 29, 2017 serikali ikapeleka barua rasmi ya kujitoa, na sheria za Umoja huo zinasema ukishaipeleka una miaka miwili. Ikiisha bila kuongezwa, umetoka, mkataba uwepo usiwepo. Kwa hiyo hata wabunge wangelala usingizi, saa ingewatoa yenyewe.

Waziri Mkuu Theresa May akaleta mkataba wake. Januari 15, 2019 wabunge 432 wakaukataa, 202 wakaukubali, na kati ya waliokataa, 118 walikuwa wa chama chake mwenyewe. Akaurudisha mara mbili mwezi Machi, ukagonga mwamba. Katikati ya mwezi huohuo Bunge likapiga kura kukataa kutoka bila mkataba. Kisha wakawekewa mezani njia nane tofauti wachague, hakuna hata moja iliyopata wingi wa kura. Mkataba hatuutaki, na bila mkataba hatutaki! Ikabidi muda uongezwe. Huku nje watu wakafurika mitaa ya London wakidai wapige kura upya, na waraka wa kutaka kujitoa kufutwe ukapata sahihi zaidi ya milioni sita.

Waliotaka kuondoka bila mkataba walikuwa na hoja, tusiwafanye wehu. Walisema mwenzako akijua huwezi kunyanyuka mezani, bei anapanga yeye. Kila anayenunua mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaijua hiyo: unageuka kama unaondoka, muuzaji anakuita. Lakini Mwanjelwa kuna meza ya pili hatua tatu mbele. Waingereza, ukivuka maji pale bandari ya Dover, unaipata Ufaransa, na haitahama.

Hapo ndipo nasema kama mtu niliyefanya uwakala wa forodha mpakani Tunduma. Mtu wa siasa akisikia "bila mkataba" anasikia uhuru. Mimi nasikia foleni. Nimeona lori la vitunguu limekwama kwa sababu ya muhuri mmoja, maji yanachuruzika chini ya turubai, utingo anapika ugali kati ya matairi na dereva hapokei tena simu za tajiri. Sasa chukua bandari ambayo malori yalikuwa yanapita bila kuonyesha karatasi ya forodha, uamke asubuhi uzidai karatasi hizo kwa kila lori.

Na mpaka uliowatesa kuliko wote si wa Dover, ni wa Ireland. Kaskazini ni Uingereza, kusini ni Umoja wa Ulaya, na amani waliyoiandika mwaka 1998 baada ya vifo vya watu zaidi ya 3,000 ilizoea mpaka usio na kizuizi. Kutoka kungeurudishia forodha, na mkataba wa May ulivunjikia hasa hapo. Boris Johnson aliyemfuata, katika mkataba ambao ndio waliotoka nao, alisogeza ukaguzi ukawa baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza yenyewe, na hilo nalo likazaa ugomvi wake. Kabla ya hapo alijaribu kulisimamisha Bunge, na Septemba 24, 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba ni kinyume cha sheria.

Sisi wa umri wangu hatukushangaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tuligawana kwa kununiana: mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakatiwa sahihi Arusha 1984. Karatasi ambayo hatukuiandika wakati wa kuachana, tuliiandika miaka saba baadaye.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nalima parachichi za Hass huku Rungwe. Je, Uingereza kujitoa kumetuharibia soko?
Mama wa Kiwira

JIBU: Marahaba mama. Ushuru haukupanda. Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na nchi hizo huuza Ulaya karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Uingereza iliahidi mapema kuendeleza nafuu hiyo, na tangu Juni 2023 inao mpango wake wenyewe. Kilichobadilika ni njia. Zamani kontena likishuka bandari ya Rotterdam, Uholanzi, mzigo ulikwenda London kama wa kutoka Makambako kwenda Njombe. Sasa ukitoka Uholanzi kwenda Uingereza unapita forodha tena, na gharama hiyo ina mtu wa kuilipa. Mnunuzi akija kupanga bei ya kilo, muulize kontena linashuka bandari gani, na kama ni Rotterdam, muulize nani analipia makaratasi ya safari ya pili. Muulize kabla hamjachuma.