Dada yangu hakuugua hata mafua. Kinga yake ilikuwa wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Dada yangu mkubwa amegundulika na saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa tumboni. Ametolewa maji mengi tumboni. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kuuguaugua. Sasa anajilaumu kwamba kazi nyingi zimemmaliza kinga. Tumeletewa unga wa kuongeza kinga. Je, kinga yake ilikuwa wapi, na tumpe huo unga?
Mdogo mtu

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwambie dada yako leo hii: hakujiletea ugonjwa huu, na kinga yake haikulala.

Kazi yangu ni kuchunguza kwa hadubini vipande vya uvimbe vinavyoletwa kutoka chumba cha upasuaji. Katika uvimbe wa ovari hukuta mara kwa mara seli za kinga: vidoadoa vya mviringo, kiini chake cheusi kimejaa karibu seli nzima. Safari nyingine zimejipenyeza katikati ya seli za saratani. Safari nyingine zimerundikana pembeni, kama watu waliofungiwa mlango.

Kuingia au kutoingia kuna uzito. Katika utafiti uliochapishwa 2003, wa wagonjwa 186 ambao saratani ilikuwa imeshasambaa, wale ambao seli T (aina ya seli za kinga) zilikuwa ndani ya uvimbe, 38% walikuwa hai baada ya miaka 5. Ambao hazikuingia, 4.5%. Tafadhali usimpigie dada yako hesabu kwa namba hizo. Ni za wagonjwa wa zamani, na dawa kadhaa za leo hazikuwapo.

Kwa nini seli hizo zishindwe kazi? Hayo maji aliyotolewa yana sehemu ya jibu. Huogelea humo seli za saratani na seli za kinga pamoja. Uvimbe hutoa kemikali za kuita seli T za udhibiti, ambazo kwa kawaida huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Ni breki nzuri, ila hapa inamkinga adui. Makrofaji, zile seli zinazomeza uchafu na vijidudu, nazo hugeuzwa: badala ya kuila saratani, huisaidia kuota mishipa ya damu. Na ile CA-125 mnayoiona kwenye majibu ya damu si namba tu. Ni sehemu ya protini kubwa inayoifunika seli ya saratani, hata seli za kinga zinazoua zishindwe kuishika vizuri.

Ndiyo maana neno “kuongeza kinga” hunisumbua. Mtu mwenye breki zilizoshikwa hasaidiwi kwa kujaziwa mafuta. Sijui unga wowote uliothibitika kutibu saratani hii, na baadhi ya mitishamba huvuruga jinsi ini linavyoshughulikia dawa za saratani. Msimpe. Mpelekeni daktari wake kopo lenyewe alione.

Zipo dawa za kweli za kuachia breki. Ugunduzi uliozizaa uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel 2018. Kwa saratani ya ovari zikitumika peke yake, faida imekuwa ndogo: katika jaribio moja la wagonjwa 376 ambao ugonjwa ulikuwa umerudi, uvimbe ulinywea vya kutosha kwa takriban 8 katika kila 100. Watafiti sasa wanazichanganya na dawa nyingine. Kwa hiyo msiuze mali kukimbilia dawa hizo kabla daktari wake hajasema zinamfaa.

Ulizeni badala yake kipimo cha jeni za BRCA, ambazo kwa kawaida husaidia seli kurekebisha DNA iliyoharibika. Kikionyesha hitilafu, dada yako anaweza kufaidika na dawa za kuzuia PARP, kimeng'enya kingine ambacho seli hukitumia kurekebisha DNA. Na kama hitilafu hiyo ni ya kurithi, wewe uliyezaliwa naye tumbo moja unaweza kuwa nayo pia. Usingoje dalili, mwanangu, nenda ukapimwe.