Mkasi wa bibi yako siutii kwenye boksi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: kwa kuwa nahamia nyumba ndogo, kwa nini nisivipige picha vitu vya zamani, nikavigawa, nikabaki na nafasi? Na ukanikumbusha jaribio la mwaka 1990, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walipowapa baadhi ya watu vikombe. Waliopewa walitaka kuviuza kwa bei kama maradufu ya ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Yaani huenda mama anavithamini kwa sababu tu ni vyake.

Nimelifikiria sana hilo, na kwa sehemu nakubali. Kabati la sebuleni ni mazoea tu, alichukue yeyote anayelihitaji. Zile sahani za wageni, ambazo hazijawahi kupakuliwa kitu, nazo ziende.

Lakini wale watu walikaa na vikombe vyao kwa muda mfupi tu. Mkasi wa bibi yako una habari nyingine. Chuma kilikuwa kinamchubua, akalizungushia tundu la kidole gumba kipande cha kitambaa, akakishonea kwa mishono midogo midogo. Leo kitambaa hicho ni cheusi, kinang'aa kama ngozi, na upande wa ndani kuna kibonyeo. Kile kibonyeo ni dole gumba lake. Nikitia langu linaingia, ila linapwaya. Alikuwa na vidole vinene kuliko vyangu, jambo ambalo picha zake zote hazikuwahi kuniambia. Mkasi wenyewe haukati tena, na mafundi wawili wamenirudishia wakisema haunoleki. Ukiupiga picha utapata mkasi mbovu wenye kitambaa kichafu.

Sasa nikwambie nililowahi kukosea. Alipofariki baba yako nilifanya haraka. Wiki ile ile nilifunga nguo zake zote nikazitoa, na lile koti la kahawia likiwemo, nikiamini natenda la busara. Miezi kadhaa baadaye nilipishana na mtu aliyepaka mafuta kama yake, miguu ikagoma kusogea. Harufu ina njia yake ya mkato ubongoni, inafika upesi kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, kwa hiyo mtu hapati nafasi ya kujiandaa. Nilirudi nyumbani nikafungua kabati nitafute ile kola ya koti lake. Picha zake akiwa amevaa koti lile ninazo nne. Siku ile hazikunisaidia kitu.

Na wewe mwenyewe ulilijua hili kabla yangu. Ulipokuwa na miaka minne, yule sungura wako wa kitambaa alikuwa amechakaa, sikio moja linaning'inia, nikakununulia mwingine wa aina ile ile. Ulimtazama, ukamweka sakafuni, ukaenda kumtoa wa zamani kwenye ndoo ya taka. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe mwaka 2008 watafiti Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto mashine waliyodai inanakili vitu, na wengi waliokuwa na mwanasesere au blanketi la kulalia hawakutaka nakala. Walitaka lile lao.

Kwa hiyo, mwanangu, swali ninalokiuliza kila kitu kabla ya kukifunga ni moja: kuna mkono wa mtu uliokibadilisha? Kama hakuna, piga picha, na kiende kwa amani. Kama upo, nakibeba. Haviwi vingi, usiogope. Hadi sasa vinaenea boksi moja, sungura wako akiwa juu. Nguo nimezifua na kuzikausha sawasawa, kwa sababu jasho na madoa huwaita wadudu. Picha za zamani zinakaa gizani, maana mwanga hula rangi.

Juzi nimeongeza kitu kimoja usichokijua. Ni risiti. Nyuma yake baba yako aliandika kwa penseli, "Nimetangulia. Usisahau dawa yako." Upande wa mbele hakuna tena neno hata moja, kwa sababu karatasi zile huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia yenyewe. Ya penseli yote yamo, na ile "d" yake iliyolala kama imechoka.

Njoo Jumamosi tumalize jikoni. Mkasi siutii kwenye boksi, nitaushika mkononi siku ya kuhama. Ukifika, kabla hujabeba chochote, tia dole gumba lako mle. Mimi mikono yake sikuirithi, ila yako nimekuwa nikiitazama tangu ukiwa mdogo, na nadhani halitapwaya.

Mama yako