Maswali ya Wasomaji: Kuzihamishia Mbinu za Python katika JavaScript

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hutunza programu ya chama cha akiba na mikopo hapa Mbale. Nilijifunza Python, lakini programu hii imeandikwa kwa JavaScript, nami ninazikosa mbinu nilizozizoea: kujumlisha orodha kwa neno moja, kukata jina la mwanachama katika sehemu zake, na kuyapanga malipo kwa makundi ya kila tawi. Nimeanza kuziongeza katika prototaipu, yaani kiolezo cha pamoja, ya orodha na ya tungo za herufi, ili kila orodha na kila tungo izaliwe nazo. Mwenzangu aliyeko Kampala anakataa katakata, wala haelezi sababu. Ni nani kati yetu aliye sahihi? – Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako yuko sahihi kuhusu mahali unapoziweka mbinu hizo, ingawa hana sababu ya kukunyima mbinu zenyewe.

Ulilofanya si jambo geni. Mnamo mwaka 2005 Sam Stephenson alitoa maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo wa kutumiwa na wengine, iliyoitwa Prototype, ambayo iliziongezea orodha za JavaScript mbinu nyingi zilizofanana na zile za lugha ya Ruby, na baada yake ikaja maktaba ya MooTools iliyofuata njia hiyohiyo. Waandishi wa programu wa wakati ule walizifurahia, na kwa haki, kwa sababu JavaScript ilikuwa maskini wa mbinu za namna hiyo. Tatizo lilijitokeza miaka mingi baadaye, pale kamati ya TC39, ambayo husimamia kiwango cha lugha hiyo, ilipotaka kuziingiza mbinu hizo rasmi. Ilikusudia kuzipa orodha mbinu yenye jina contains, ya kuuliza kama kitu fulani kimo, ikakuta jina hilo linagongana na MooTools katika tovuti zilizokuwa bado zinaitumia. Ndiyo maana leo tunaandika includes. Mwaka 2018 yakatokea tena kwa flatten, mbinu ya kuzifungua orodha zilizomo ndani ya orodha: toleo la majaribio la Firefox lilipoiwasha, tovuti iliyotumia MooTools ikaharibika, na baada ya mjadala mrefu, uliokuwa na mzaha mwingi kuliko ilivyostahili, jina likawa flat katika toleo la 2019. Hata groupBy, unayoihitaji kwa matawi yako, ilizuiwa kukaa kwenye orodha kwa sababu ya namna hiyo, na katika toleo la 2024 ikawekwa kwenye Object, ambapo huandikwa Object.groupBy. Kwa hiyo kabla ya kuandika ya kwako, angalia kama kivinjari cha wanachama wako na seva yako tayari zinayo.

Chama chako si kivinjari cha dunia nzima, na huenda ukasema kwamba mgongano huo haukuhusu. Unakuhusu. Siku utakapoongeza maktaba ya mtu mwingine, nayo ikawa imeongeza sum yake, mbinu ya kujumlisha, katika orodha, itakayopakiwa mwisho ndiyo itakayoshinda, na hakuna onyo lolote litakalotolewa. Tena, mbinu iliyoongezwa kwa kuipachika tu katika prototaipu hujitokeza katika kitanzi cha for...in, kinachopitia vilivyomo kimoja kimoja, kana kwamba ni mmoja wa wanachama waliomo katika orodha. Utaweza kuificha kwa Object.defineProperty, lakini mgongano wa majina utabaki palepale.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jina likihama peke yake, tabia hubaki nyuma. Chukua sum. Katika Python, ukiipa kiasi kilichoandikwa kama herufi, hukataa na kutoa kosa. Katika JavaScript alama ya kujumlisha huunganisha herufi bila kulalamika, na kwa kuwa kiasi kinachotoka kwenye fomu ya mtandaoni huja kama herufi, shilingi 5000 na shilingi 2000, ukianzia na sifuri, zitakupa 050002000. Kwa kitabu cha akiba hilo ni balaa. Faida ya sum ya Python si ufupi wake, bali ni kule kukataa, na hiyo ndiyo tabia unayopaswa kuihamisha: hakikisha kila kitu kilichomo ni namba, na kisipokuwa namba, simamisha kazi.

Split, mbinu ya kukata tungo, nayo ina mtego wake. Katika Python, ukiiita bila kuipa chochote, hukata penye nafasi yoyote, hata kama karani amebonyeza kitufe cha nafasi mara mbili, na kwenye tungo tupu hurudisha orodha tupu. Ile ya JavaScript, isipopewa kitu, hurudisha jina zima bila kulikata; ikipewa nafasi moja, zile nafasi mbili za karani huzaa kipande kitupu katikati ya jina. Basi punguza nafasi za pembeni kwa trim, kisha kata kwa muundo /\s+/, yaani nafasi moja au zaidi, na tungo tupu ishughulikie kando, maana njia hiyo huirudisha kama orodha yenye kipande kimoja kitupu.

Ziweke mbinu zako katika faili moja, kila moja ikiwa funksheni inayojitegemea, kwa majina ya Kiswahili ukipenda: jumlisha, kataJina. Anayezihitaji ataziagiza katika faili lake, na mwenzako wa Kampala ataona zimetoka wapi.

SWALI: Je, Python yenyewe inaweza kuongezewa each_slice ya Ruby, inayokata orodha katika vifungu? Ninataka kuwatumia wanachama ujumbe wa simu hamsini hamsini. – Msomaji, Gulu

JIBU: Huwezi kuipachika katika orodha za Python, kwa kuwa lugha hiyo haikubali aina zake za ndani ziongezewe kitu, na ukijaribu utapata kosa liitwalo TypeError. Hata hivyo, kuanzia Python 3.12 ya mwaka 2023 ipo batched katika moduli ya itertools, ambayo hufanya kazi hiyohiyo na kukiacha kifungu cha mwisho kiwe kifupi iwapo wanachama hawagawanyiki sawasawa kwa hamsini. Kama una Python ya zamani zaidi, funksheni ya mistari michache inayokata orodha kwa hatua itatosha. Wanaoandika programu za simu kwa lugha ya Kotlin wana bahati zaidi: chunked imo tayari, na lugha yenyewe huruhusu kuiongezea aina yoyote funksheni inayoonekana tu katika kifurushi ilimoandikwa au katika faili lililoiagiza, pasipo kuigusa aina hiyo kwa wengine.