Mke wa Peter hana jina

Kaka, umeuliza nyimbo za watoto wa nasari zina ubaya gani, mbona tuliziimba sote tukakua salama. Haya, chukua ule wa Kiingereza wa Peter mla maboga, bado nausikia ukipigiwa makofi huku Arua, Uganda. Peter ana jina, mkewe hana. Peter anakula, Peter anashindwa kumzuia mke, Peter anamtia ndani ya ganda la boga, na eti humo akamtunza vizuri sana. Kila kitendo ni chake. Mke anatendewa tu, hasemi hata neno. Alitaka kwenda wapi? Kwa nini? Wimbo hauna habari naye.

Halafu kuna ule wa wasichana kuumbwa kwa sukari na viungo, wavulana kwa vyura, konokono na mikia ya mbwa. Wavulana wamepewa vya nje, vinavyorukaruka. Wasichana wamepewa kabati la jikoni. (Mkia wa mbwa nao si zawadi, nakubali.)

Sisemi zifutwe, na si zote ziko hivyo. Yule bibi wa wimbo mwingine, anayeishi ndani ya kiatu na watoto wake wengi, ndiye mwenye amri nyumbani, ingawa amri yenyewe ni viboko. Lakini tazama mshairi wetu wa Uganda, Okot p'Bitek: mwaka 1966, katika Song of Lawino, alimwacha mke aitwaye Lawino amseme mumewe shairi zima, japo kalamu ilikuwa ya mwanamume. Watoto wetu wanakosa sauti kama hiyo. Kwa sasa mwalimu awaulize tu, wakimaliza makofi: mke wa Peter anaitwa nani?