Wazee wa Kanisa Wanataka Niseme Sikumtambua

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni fundi cherehani, Makorora, hapa Tanga. Vijana wawili waliingia kibandani kwangu jioni wakiwa na panga, wakanikata mkono, wakachukua cherehani pamoja na vitambaa vya wateja. Mmoja amekamatwa, naye ni mtoto wa muumini mwenzetu. Sasa wazee wa kanisa wananiambia nimsamehe, na nikiitwa mahakamani niseme sikumtambua vizuri. Kanisa letu hupeleka sabuni na Biblia Gereza la Maweni kila Krismasi, lakini kwangu hajafika mtu, na wateja wanadai vitambaa vyao. Je, nikitoa ushahidi nitakuwa nimekataa kusamehe?

JIBU: Amina, dada yangu, na pole sana kwa mkono na kwa kazi iliyosimama.

Nianze na hilo la kusema hukumtambua. Ukiapa, kisha ukamkana mtu unayemfahamu, umevunja amri isemayo "Usimshuhudie jirani yako uongo" (Kutoka 20:16), na kwa sheria za nchi umetenda kosa la jinai. Wazee waliokuomba hivyo wamekuomba dhambi, hata kama walisukumwa na huruma kwa mama wa kijana, huruma ambayo naielewa, kwa maana nimeketi na kina mama wa namna hiyo na nimeona jinsi wanavyokonda. Tena kesi si yako kuifuta: anayeshtaki ni Jamhuri, wewe ni shahidi, na mamlaka ya kuiondoa yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama inaweza kuhimiza suluhu katika makosa madogo baina ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida, lakini unyang'anyi wa kutumia silaha haumo humo.

Msamaha ni wako, na hakuna kikao kinachoweza kuutoa kwa niaba yako wala kukupangia siku ya kuutoa. Unaweza kumsamehe kijana huyo moyoni leo na kesho ukasimama kizimbani ukasema kweli yote. Katika Maandiko toba na malipo hutembea pamoja: Zakayo alimwahidi Bwana kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Luka 19:8), na Torati ilimtaka mkosaji aungame, alipe kamili, aongeze sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosea (Hesabu 5:7). Angalia anayepewa ni nani. Na yule Msamaria hakumwinamia majeruhi wa njia ya Yeriko ili kumhimiza awasamehe wanyang'anyi. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili za matunzo. Kanisa lenu lilipaswa kuanzia hapo.

Katiba yetu nayo haikukusahau. Ibara ya 107A(2)(c) inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa watu walioathirika na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaomba fidia, umpe stakabadhi za matibabu ya Hospitali ya Bombo na orodha ya vitambaa na bei zake, ili mahakama iwe na cha kupimia endapo kijana atatiwa hatiani.

Hata hivyo, amri ya kulipa dhidi ya mtu asiye na kitu, tena aliye gerezani, inaweza kubaki karatasi. Kosa hili adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, ambacho hakimu hawezi kukipunguza hata mkosaji akijuta na kurudisha alichoiba, na miaka yote hiyo haitakurudishia cherehani. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Ningependa makanisa yadai katika maboresho hayo mfuko wa serikali wa kuwasaidia walioumizwa na uhalifu. Wazo si geni, kwa kuwa sheria ya 2008 dhidi ya biashara haramu ya kusafirisha binadamu iliweka mfuko kwa ajili ya waathirika wake. Sisemi mwache kwenda Maweni. Waebrania 13:3 inatuamuru kuwakumbuka waliofungwa. Ninachosikitikia ni kwamba safari ya Maweni imepangwa kila mwaka, na ya Makorora, ambayo ni ya miguu tu, haikumjia mtu akilini.

Mpelekee mchungaji wako ukurasa huu. Mwombe watu wawili wa kukusindikiza siku ya kesi, usikae peke yako kwenye benchi la mahakama ukitazamana na ndugu za mshtakiwa, na umwombe pia orodha ya vitambaa isomwe Jumapili hii kanisani, wazee wakiwa wa kwanza kuchangia.