Faragha si siri: majibu kwa walezi wa vijana wenye ulemavu wa akili

Barua tatu za safari hii zote zimetoka kwa walezi wa vijana wenye ulemavu wa akili. Ya kwanza haikuweza kungoja gazeti, kwa hiyo aliyeiandika alijibiwa kwa simu. Tunaichapa kwa kuwa haitakuwa ya mwisho.

*Mtoto wa dada yangu ana miaka 15 na haongei vizuri. Jana jioni alirudi na biskuti na noti ya elfu mbili. Analia akikojoa, hataki kuguswa. Nikimuuliza anasema "siri". Dada anataka tuyamalize nyumbani. (Mama mdogo, Dodoma)*

Msiyamalize nyumbani. Mpelekeni hospitali leo hii, kabla hajaoga. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba kwa dharura zinatolewa ndani ya siku 5. Nguo alizovaa zitieni kwenye bahasha ya kaki au mzifunge kwa gazeti. Msitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa ndani huotesha ukungu na ushahidi unaharibika. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijazia alichokiona, inatoka polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, matibabu na polisi mtavikuta mahali pamoja. Foleni ya fomu ikiwa ndefu, tangulieni kwa daktari. Simu ya 116, ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mambo mengi huharibikia kwenye maswali. Ukimwambia "Ni yule wa bodaboda, siyo?" atasema ndiyo ili uridhike, na kesho mwingine akimtajia jina jingine atasema ndiyo tena. Jibu la namna hiyo halisimami mahakamani. Muulize mara moja tu, "Nini kilitokea?", uandike maneno yake kama yalivyotoka, hata yakiwa hayana mpangilio, na uandike saa. Basi, yaliyobaki waachie wapelelezi. Na kwa mtoto wa miaka 15 hakuna cha "alikubali mwenyewe". Sheria inaita kubaka.

*Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Anaingiza mkono ndani ya suruali popote, hata wageni wakiwa sebuleni. Tumemchapa, tumempaka pilipili vidoleni, haachi. Kuna dawa ya kumpunguza? (Mama, Morogoro)*

Mama, pilipili ikome leo. Kwanza mpeleke zahanati akaangaliwe kama ana fangasi, vipele au maumivu ya mkojo, au kama govi linambana. Asiyeweza kusema "nawashwa" hujikuna tu. Akionekana mzima, basi ana mwili wa miaka 17 kama wenzake, na hahitaji dawa. Anachohitaji ni kujua mahali.

Chagueni mahali pamoja tu: kitandani kwake, mlango umefungwa. Kama analala na wadogo zake, tafuteni saa ambayo chumba ni chake peke yake, mseme na nyumba nzima iiheshimu. Msimfundishe kwenda chooni. Walezi wengi hufanya hivyo kwa kuona choo kina mlango, halafu kijana anahamisha somo hadi choo cha stendi, na huko anaweza kupigwa au kutumiwa vibaya. Bandikeni picha ya mlango uliofungwa juu ya kitanda. Akianza sebuleni, yeyote aliye karibu aseme sentensi ileile kwa sauti ya kawaida: "Hilo ni la chumbani." Kisha amwongoze chumbani, au ampe kazi ya mikono kama ni saa ya chakula. Kitambaa chake kiwepo, na kunawa baada ya hapo liwe sehemu ya somo. Hesabuni wiki kadhaa, si siku. Shangazi mmoja akicheka, mnarudi mwanzo, kwa sababu kicheko kwake ni zawadi.

Hapa kuna jambo linalogusa pia barua ya Dodoma. Sote tumekua na neno "sehemu za siri". Kwa kijana anayechukua maneno kama yalivyo, neno hilo ni mtego. Tumemfundisha kwamba mwili wake ni siri na siri haisemwi. Anakuja mtu na biskuti, anamwambia "hii siri yetu", naye anatii kama tulivyomlea. Semeni *faragha*: jambo langu, mahali pangu, mlango umefungwa. Na mpeni majina: uume, uke, matiti, matako. Msichana asiye na neno "uke" akiulizwa panapouma atasema tumbo, na atarudishwa nyumbani na dawa ya minyoo.

*Binti yetu ana miaka 24, ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza. Anauza maandazi na mama yake. Anataka kuolewa na kijana waliyesoma naye kitengo cha elimu maalumu. Shangazi zake wanashauri afungwe kizazi kimyakimya. Sheria inasemaje? (Baba, Tanga)*

Mzee, shauri la shangazi liwekeni kando kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unampa haki ya kuolewa, kupata watoto na kubaki na uzazi wake. Halafu kufunga kizazi hakumkingi na mbakaji. Kunachofanya ni kuhakikisha hakuna mimba ya kuwashtua ninyi.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Kinachoangaliwa ni kama anaelewa anachoingia. Jina la hali yake peke yake halimzuii.

Mtajuaje kama anaelewa? Msimuulize "Unataka kuolewa?" mbele ya wazee. Mtu anayemwamini amuulize wakiwa wawili, siku mbili tofauti: Mtu akiolewa analala wapi? Na nani? Mume akitaka na wewe hutaki, unafanyaje? Pesa ya maandazi inakaa kwa nani? Swali moja ligeuzwe: leo "Unataka kuhama kwa mama?", kesho "Unataka kubaki kwa mama?" Akisema ndiyo kwa yote mawili, bado hajajibu. Huenda mkagundua anachotaka ni gauni, keki na kigodoro. (Hilo si la wenye ulemavu peke yao.) Katika hali hiyo hamjakataa ndoa, mmepata cha kufundisha. Na kijana naye aulizwe vilevile, kwao.

Upande wa afya, mwanamke mwenye sindromu ya Down anaweza kushika mimba, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa nayo unaweza kukaribia nusu. Kama kijana naye anayo, wanaume wa hali hiyo ni nadra kuzalisha, lakini imetokea, kwa hiyo msiitegemee. Apimwe moyo na tezi ya shingo kabla ya mimba yoyote. Akitaka uzazi wa mpango, sindano ni ya kila miezi 3, kijiti ni cha miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kama anatumia carbamazepine au phenytoin kwa kifafa, lazima muuguzi ajue: dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti, lakini sindano haziidhoofishi. Sodium valproate, nayo ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ila asiiache ghafla. Daktari ndiye wa kuibadilisha.

Mkifika kliniki, kiti cha mbele ya muuguzi akikalie binti, na wewe ungoje nje kwa sehemu ya mazungumzo. Muuguzi akigeukia mlangoni kukuuliza wewe, mwambie amuulize mwenyewe.