Muuaji tunayemwombea asikamatwe

Barua za safari hii zote zinauliza kuhusu riwaya ya uhalifu ambayo mhusika wake mkuu ndiye muuaji. Tumezijibu kwa kupitia kitabu kimoja, The Talented Mr. Ripley cha Patricia Highsmith, kilichotoka mwaka 1955. Ambaye hajakisoma ajue tutafichua mpaka mwisho.

SWALI: Ndugu mhariri, mhusika wangu anaua ukurasa wa kwanza ili hadithi ishike kasi. Wenzangu watatu niliowapa muswada wamemchukia, wakauweka chini. Nimemwandikia utoto wa mateso, lakini wapi! (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Utoto wa mateso haumsaidii mtu ukiletwa baada ya kosa, kama cheti cha daktari cha mtoro. Tom Ripley naye ni yatima, kalelewa na shangazi mwenye ulimi mkali, ila kitabu hakianzi na hayo. Kinaanza na hofu. Tom anatoka baa New York, mtu yuko nyuma yake, naye anadhani ni polisi. Amekuwa akijifanya ofisa wa kodi na kuwatisha watu kwamba wanadaiwa. Wanamtumia hundi ambazo hawezi kuzigeuza hata senti moja. Tapeli gani huyu asiyepata kitu? Msomaji anacheka, anamwonea huruma kidogo, na miguu tayari inakwenda pamoja naye. Anayemfuata, kumbe, ni tajiri anayetaka Tom aende Italia akamrudishe mwanawe, Dickie.

Dickie hafi mpaka kitabu kimevuka theluthi. Kabla ya hapo tumeona Tom anavyotamani nyumba ya mwenzake, nguo zake, hata namna anavyokaa. Nani hajawahi kutamani kukubaliwa na wenye nafasi?

Kisha tazama mauaji yenyewe. Wako kwenye motaboti ya kukodi huko San Remo. Pigo la kasia linakwisha upesi. Kazi ndiyo ndefu. Tom anamvua Dickie pete, anamfunga kamba yenye uzito, anamtosa. Mara anaanguka mwenyewe baharini, boti inazunguka bila mtu, naye maji anayaogopa tangu zamani. Akishaokoka, bado kuna boti yenye damu: lazima aijaze mawe aizamishe. Hapo msomaji amemsahau marehemu, anataka boti izame. Rudi kwenye muswada wako uhesabu. Kama pigo limekula kurasa mbili na usafishaji ni “akaficha maiti” tu, geuza vipimo.

SWALI: Nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Highsmith ametumia ya tatu, ila hatutoki kichwani mwa Tom. Muuaji anayesema “mimi” huanza kujitetea, na anayejitetea hushukiwa. Kiswahili kimekupa zana nzuri: vitendo viweke kwenye -ka-, mawazo yaache yaje kwa wakati wa papo hapo, bila “alifikiri kwamba”. Linganisha:

“Alifikiri kwamba mlinzi alikuwa amemwona, akaogopa sana.”

“Akafunga lango. Akapangusa komeo. Mlinzi kageuka. Ameona? Hapana, anatafuta kiberiti.”

Ya pili haimpi msomaji nafasi ya kuhukumu. Tahadhari moja: -ka- kumi mfululizo zinachosha sikio. Katiza baada ya tatu au nne.

SWALI: Nimerudishiwa muswada kwa sababu muuaji hakamatwi. Eti unapotosha vijana. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Wengi wetu tumelelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ukiongozana na mpelelezi, fumbo sharti lifumbuliwe. Kuongozana na muuaji ni safari nyingine. Tom anaishia Ugiriki na mali ya Dickie, kwa wosia alioughushi mwenyewe, lakini anawaza polisi wanaomngoja kila gati atakaloshukia. Filamu ya Kifaransa Plein Soleil (1960) ilibadili mwisho: maiti inaibuka, imenasa kwenye kamba ya boti. Picha kali, ila kwetu sisi inampa mtazamaji ruhusa ya kwenda kulala.

Kama mchapishaji hakubali kabisa, usilete polisi wa ghafla ukurasa wa mwisho. Mponze kwa kitu alichoshindwa kukitupa. Tom alibaki na pete za Dickie, na huko Venice Marge, rafiki wa marehemu, akazikuta.

SWALI: Wanaouawa wote wawe wabaya? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Mmoja akiudhi inatosha. Na marehemu apate mtu wa kumtafuta: baba yake Dickie anakuja mpaka Venice, na Tom inabidi amtazame usoni na kumfariji.